Nunua Njia, Mdogo Wangu, Usinunue Meli

Haya mashoga, leo tunaelekea baridini. Mmoja wenu anayeishi Ohio ameniandikia kuhusu mama yake, mwalimu mstaafu wa Mombasa aliyekuja Marekani kuwaona wajukuu. Miaka yote ya kufundisha jiografia mama huyo aliwachorea watoto ubaoni fiodi na mito ya barafu, na yeye mwenyewe hajawahi kuviona kwa macho. Sasa bintiye kakuta mtandaoni meli ya kitalii ya Alaska: siku 7 kutoka Seattle, bei imekatwa nusu, na juu ya skrini kuna saa inayohesabu dakika zilizobaki kabla ofa haijafungwa. Anauliza, "Dada, nilipe leo?"

Usilipe leo. Hiyo saa imewekwa kukutia kiwewe, na kesho asubuhi utaikuta imeanza upya. Sikukatazi kwenda. Nenda, tena mpeleke mama akiwa bado ana magoti ya kupandia ngazi. Ila ujue unanunua nini. Wengi wetu tukifungua tangazo la namna hii tunaanza kuhesabu mabwawa ya kuogelea, mikahawa, ukumbi wa muziki, bomba la watoto kuteleza. Mama hakuomba bwawa. Bwawa liko hapo Ohio. Mama kaomba barafu inayoangukia baharini. Basi achana na picha za vyumba, tafuta ratiba ya safari siku kwa siku, uisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba: meli inafika kwenye barafu ipi, siku gani, na inakaa hapo saa ngapi.

Nikueleze kidogo huko kulivyo. Kusini-mashariki mwa Alaska pwani imekatikakatika. Mbele ya milima kuna visiwa zaidi ya elfu moja, na katikati ya visiwa na bara ndimo meli zinamopita, njia inayoitwa Inside Passage. Mabonde yale yalichimbwa na barafu zamani sana, barafu ikarudi nyuma, bahari ikaingia. Ndiyo maana kuta za jabali zinapanda wima kutoka majini, na kina ni kirefu hata karibu na ukingo, kiasi kwamba meli ya watu elfu tatu inaweza kuingia ndani kabisa ya hori bila kugusa chini. Huko ndiko mito ya barafu inakomea. Lakini si kila meli ya "Alaska" inakufikisha huko. Nyingine zinakupitisha mbali, zinakushusha mjini Juneau, na barafu yako inakuwa ni kupanda basi kwenda kuitazama Mendenhall ng'ambo ya ziwa. Mendenhall ni nzuri, sikatai, lakini haiishii baharini. Mama atasema asante, maana kalelewa vizuri, na wewe utajua moyoni kwamba sicho alichokiomba.

Jina la kwanza la kulitafuta katika ratiba ni Glacier Bay. Hii ni hifadhi ya taifa, na wakati wa msimu serikali inaruhusu meli kubwa 2 tu kuingia kwa siku, kwa hiyo ni kampuni chache zenye kibali. Meli haitii nanga wala hakuna anayeshuka. Asubuhi boti ndogo inawaleta askari wa hifadhi melini, wanapanda kwa ngazi ya kamba, na siku nzima wanaeleza kwa kipaza sauti mnachokiona. Nakushauri mama akae karibu na mmoja wao, maana mwalimu na mwalimu watapatana. Amuulize habari ya mwaka 1794. Mwaka huo msafara wa Mwingereza George Vancouver ulipita hapo, na ghuba haikuwepo: kulikuwa na kijihori cha kilomita kama 8 hivi, halafu ukuta wa barafu. Mwanamazingira John Muir alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imesharudi ndani zaidi ya kilomita 60. Leo meli yenu itasafiri kilomita 100 na ushei juu ya maji ambayo yote yalikuwa barafu. Na kabla barafu haijashuka kulijaza bonde lile, Watlingiti wa Huna, wenyeji wa huko, walikuwa na vijiji vyao humo. Iliposonga mbele katika karne ya 18 iliwafukuza. Mwaka 2016 walifungua tena nyumba yao ya ukoo ndani ya hifadhi, pale Bartlett Cove. Ukisikia watu wanasema hii ni nchi tupu isiyo na wenyewe, usiitikie.

Mwisho wa ghuba meli inasimama mbele ya mto wa barafu uitwao Margerie. Upana wake ni kama kilomita moja na nusu, na juu ya maji unapanda mita 70 na kitu, jengo la ghorofa 20. Rangi yake ni buluu. Barafu iliyoshindiliwa kwa miaka mingi haina hewa nyingi ndani, hivyo inameza mwanga mwekundu na kutuachia sisi ule wa buluu. Siku ya mawingu ndiyo rangi inakolea, kwa hiyo mkipata mawingu msinune. Pembeni yake kuna mto mwingine wa barafu, Grand Pacific, umefunikwa na mawe na udongo hadi wengi wanadhani ni kilima cha matope, wanaupa mgongo ili wapige picha na jirani yake. Mwambie mama autazame. Ndio huo uliokuwa mkubwa kuliko yote, ndio uliochimba ghuba.

Kisha subirini. Nahodha anazima kelele zote anazoweza kuzima, na watu wenyewe bila kuambiwa wanashusha sauti. Utasikia maji yakitoa mlio kama wa soda iliyofunguliwa: ni hewa iliyofungwa ndani ya vipande vya barafu, inatoka vinapoyeyuka. Halafu kipande kinaanguka. Hapa ndipo wengi wanapokosa, kwa sababu wanasubiri mlio ndipo wageuke. Mmesimama mbali, na mlio unachelewa kufika. Ukiusikia, jambo limekwisha, limebaki wimbi. Kwa hiyo achague sehemu moja ya ukuta, pale penye nyufa na vumbi dogo la barafu linalomwagika, aikazie macho, na simu ikae mfukoni.

Kama Glacier Bay haimo, angalia kama kuna mto wa barafu wa Hubbard. Huu ni wa ajabu: una urefu wa kilomita 120 hivi, uso wake unaoingia baharini unafika kilomita 10, na wakati jirani zake wengi wanarudi nyuma, wenyewe umekuwa ukisonga mbele tangu ulipoanza kupimwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1986 uliziba mlango wa fiodi ya Russell ukaigeuza ziwa kwa miezi kadhaa, na mwaka 2002 ukarudia. Au Endicott Arm, hori nyembamba yenye maporomoko ya maji pande zote mbili. Tracy Arm iliyo jirani yake ilikuwa kipenzi cha wengi, lakini Agosti 2025 kipande kikubwa cha mlima kiliporomokea majini karibu na barafu na kuzusha mawimbi makubwa, na tangu hapo kampuni zimekuwa zikihamishia meli Endicott. Ukikuta tangazo bado linaitaja Tracy Arm, piga simu uulize. Na ujue kwamba hakuna kampuni inayokuapia barafu: ukungu ukifunga au vipande vikijaa horini, nahodha anageuza, na mkataba wako unamruhusu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tangazo halikukwambia, na ndilo lililonifanya nikuzuie usilipe. Pasipoti ya mama.

Meli nyingi kubwa zinazopeleka watu Alaska zimesajiliwa Bahama, Panama, Bermuda. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozikataza meli za kigeni kuwatembeza abiria katika bandari za Marekani peke yake bila kugusa nchi nyingine njiani. Ndiyo sababu meli yenu ya Seattle, ukiiangalia ratiba vizuri, itapita Victoria, Kanada, mara nyingi jioni ya mwisho, saa chache tu. Kwako wewe mwenye kadi ya kijani haina shida. Pasipoti na kadi vinatosha. Kwa mama mwenye pasipoti ya Kenya na viza ya matembezi, hapo kuna mambo mawili: awe na viza ya Kanada, na viza yake ya Marekani iwe inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu akitoka Victoria anaingia Marekani upya. Usijidanganye kwamba akibaki kabini Kanada haitamhusu. Kampuni ya meli inakagua karatasi kabla ya kumpandisha mtu, na ikimkuta na pungufu inamwacha gatini na nauli yake harudishiwi. Masharti ya viza kwa Waafrika yamebadilikabadilika sana miaka hii, basi usichukue neno la shoga wala la kundi la WhatsApp, na langu hili lenyewe ulihakiki: soma tovuti ya ubalozi, kisha iandikie kampuni barua pepe, ukitaja uraia wa mama, ili jibu ulipate kwa maandishi.

Na kama viza ya Kanada haipatikani kwa wakati? Mdogo wangu, hapo ndipo utakaponishukuru. Barafu haimilikiwi na meli za kitalii. Pandeni ndege ya ndani hadi Anchorage, kisha treni au gari hadi Seward, safari ya kilomita 200 hivi. Pale kuna boti za mchana zinazoingia hifadhi ya Kenai Fjords, saa 6 hadi 8, zinakusogeza mbele ya mito ya barafu ya Aialik au Holgate, karibu kuliko meli kubwa itakavyothubutu, na jioni mnalala kitanda kisichotikisika. Au rukeni hadi Juneau, ambako hakuna barabara inayoiunganisha na kwingine, mchukue boti ya siku moja ya kwenda Endicott. Yote hayo ni ndani ya Marekani, hakuna mpaka wa kuvuka.

Kuna na njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote: feri za serikali ya jimbo la Alaska, zilizoanza kazi mwaka 1963. Zinaondoka Bellingham, kaskazini mwa Seattle, na kwenda moja kwa moja hadi Ketchikan, siku moja na nusu hivi baharini, kisha zinaendelea bandari hadi bandari. Zinapita katikati ya visiwa vilevile. Abiria ni wavuvi, walimu wanaohama kituo, vijana wanaofunga hema zao kwenye sitaha kwa utepe wa gundi. Hakuna muziki, hakuna anayekuuzia saa ya dhahabu. Lakini nakwambia ukweli: feri haiingii Glacier Bay kuwatembeza watu, safari zake ni chache na ratiba hubadilika, na mama wa umri wake atahitaji kabini, si kiti cha kulalia sitahani. Kama ni wewe na mumeo ningesema feri bila kufikiri. Kwa mama, tuendelee na meli, au Seward.

Basi tuseme viza zipo. Meli ikitoka mji wa Vancouver, Kanada, inapita njia ya ndani zaidi, maji yametulia. Zinazotoka Seattle nyingi huzunguka nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari wazi, na mawimbi utayajua. Kabini ya kati ya meli, ghorofa ya chini, ndiyo inayoyumba kidogo. Mawakala watakushawishi uchukue yenye baraza kwa bei karibu mara mbili. Kwingine ningekataa, kwa Alaska na kwa mama wa umri huu, naikubali, lakini tu kama ratiba ina siku nzima ya barafu. Kama fedha inatosha kimoja, chukua kabini ya ndani isiyo na dirisha kwenye meli inayoingia Glacier Bay, uache baraza ya meli inayotazama maduka. Sitaha ni ya wote.

Bei ya tangazo, kama ujuavyo, ni ya mlangoni. Kuna kodi na ada za bandari. Kuna bahashishi ya wahudumu, dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, inakatwa yenyewe hata kwa mtoto. Usiiondoe, tafadhali, wanaotandika vitanda vile wamewaacha watoto wao kwao kwa miezi sita hadi tisa, na wengine ni vijana wa pwani yetu. Kuna intaneti, vinywaji, matembezi ya bandarini. Helikopta ya kushuka juu ya barafu ni mamia ya dola kwa kichwa. Pigia mstari bima ya afya ya safari inayolipa hadi kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Daktari wa melini analipisha, na hospitali kubwa iko mbali. Kwa mama wa miaka 60 na kitu mwenye presha, bila bima hiyo msipande.

Mwezi? Msimu unaanza mwisho wa Aprili hadi Oktoba. Mei kuna mvua kidogo kuliko miezi mingine na bei ni ya chini. Julai na Agosti ndiyo joto lao, nyuzi 15 au 18 mkibahatika, na ndipo samaki wa samoni wanapopanda mitoni na dubu wanatoka kuwafuata. Lakini pia ndipo watu wanajaa. Juneau ina wakazi 30,000 na ushei na inapokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6 kwa mwaka, hata wenyeji wakachoka, na tangu 2024 meli kubwa zimewekewa kikomo cha 5 kwa siku. Mimi ningechagua mwisho wa Mei. Nyangumi wenye nundu wamesharudi kutoka Hawaii wanakokwenda kuzaa, na njaa yao ya miezi mingi inawafanya wasione haya mbele ya boti.

Nguo msinunue za mbwembwe. Mbele ya barafu upepo unashuka kutoka juu ya mlima na unauma hata Julai. Fulana ya kubana, sweta la sufu, juu yake koti lisilopitisha maji, kofia ya sufu, glavu. Ketchikan inapata mvua zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, mara tatu ya Mombasa na zaidi, kwa hiyo mwavuli haufui dafu. Leso mbili za mama ziingie sandukuni. Moja ya kujitanda, moja ya kufunika miguu sitahani. Na darubini ni muhimu kuliko kamera.

Mama ni mtu wa sala, umesema. Mwezi wa Juni jua la Juneau linazama baada ya saa nne usiku na linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati giza halifungi sawasawa, kwa hiyo Isha na Alfajiri zinagongana. Amuulize sheikh wake kabla ya safari; ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kuchanganya itamrahisishia mengi. Kuhusu kibla, nimelipenda hili: kutoka Juneau ni kaskazini, imeinama mashariki kidogo tu, karibu sawa na kule kwetu Pwani. Shida ni meli inageuka, basi awe na dira ya simu. Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla; kikikosekana, samaki na mboga vipo tele, na meli kubwa nyingi zina upishi wa Kihindi.

Bandarini, neno moja la msisitizo: meli haimsubiri mtu. Matembezi mliyonunua kwa kampuni yenyewe yakichelewa, watawangoja. Ya mtaani yakichelewa, mtaiona inaondoka. Na Skagway, mkitaka kupanda ile reli ya wachimba dhahabu iliyojengwa 1898 hadi 1900, miaka ileile reli yetu ya Uganda ilipokuwa ikipita Nairobi, chagueni safari inayofika kileleni na kurudi bila kushuka. Zile ndefu zinaingia Kanada, na mnarudi kulekule kwenye pasipoti.

Kwa hiyo mdogo wangu, wiki hii fanya kazi mbili. Fungua pasipoti ya mama uangalie viza yake inasema aingie mara ngapi. Kisha nitumie ratiba ya hiyo meli, siku kwa siku, jina la kila hori. Picha za bwawa usinitumie.